Ukwaju Bila Dania

Nyumbani kwangu, mtaa wa Fedha, sosi haiwekwi mezani bila dania. Watoto wangu wamekua wakijua hivyo, na mume wangu, ambaye angefurahia ukwaju mtupu na pilipili yake, aliacha kubishana nami zamani. Mgeni akiniambia, "Mama, dania si imezidi kidogo?" mimi humcheka, namwambia ulimi wake umeharibiwa na chipsi za mjini, kisha namwongezea nyingine. Sababu yake sijawahi kumweleza mtu. Ilitokea mtaa wa Kaloleni, mwaka ule nilipokaa kwa Shangazi Syombua nikisubiri nafasi ya chuo, na mle ndani tulikuwa wachache: Shangazi, binti yake Nduku aliyekuwa bado wa shule ya msingi, mimi, na kwa miezi ya mwanzo, mume wake, Anko Mutiso. Sasa Shangazi amefariki. Nduku alinipigia simu asubuhi nikikoroga uji, akasema tu, "Mathe ametuacha," nikazima jiko nikakaa. Tangu tumzike nimekuwa nikiurudia mwaka ule mlo kwa mlo, kwa sababu kuna jambo nalitafuta ndani yake. Ni jambo la chakula tu, na nikiandika labda litanijia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, paa la vigae, katika safu ya nyumba zinazofanana. Chumba cha mbele kilikuwa na sakafu ya simenti nyekundu ambayo Shangazi aliisugua kila Jumamosi mpaka mtu unavua viatu bila kuambiwa, meza ya mbao, viti vinne, na dirisha moja lililoangalia uwanja ambapo majirani walianika nguo. Pazia la maua lilikitenga kitanda tulicholalia mimi na Nduku. Jikoni watu watatu hawakutoshea, labda mmoja wao awe Nduku. Upepo ukitoka Industrial Area ulileta harufu ya sabuni na mkate kwa pamoja, na gari moshi lilipopita, vikombe vililialia kabatini. Chakula chetu hakikuwa cha kumshangaza mtu. Ugali na sukuma wiki, kesho sukuma wiki na ugali, Jumamosi muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yanayopikwa na maharagwe. Kilichobadilika ni cha kuchovya. Shangazi alichoma nyanya juu ya makaa mpaka ngozi ikawa nyeusi, akaimenya na kuiponda kwenye kinu na chumvi na pilipili mbichi, na ugali ule ule wa jana ukawa mwingine kabisa. Siku nyingine alisaga karanga za kukaanga akazilainisha kwa maji ya ndimu, au akakuna embe bichi akalichanganya na kitunguu na chumvi, tukakaa tukilia machozi kwa uchachu huku tunaomba tuongezewe. Ukwaju ulikuwa wa Jumapili.

Ukwaju alinifundisha yeye. Ulitoka nyumbani Ukambani ndani ya mfuko wa plastiki, umeshindiliwa pamoja na kokwa na nyuzi zake. Unaumwagia maji ya moto, unausubiri ulegee, unaukamua kwa mkono, unaupitisha kwenye chujio la chai, halafu unaubandika motoni na sukari guru, chumvi, pilipili na kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo. Kazi ni kusubiri. "Usiuharakishe," aliniambia. "Pitisha kijiko katikati. Njia ikijifunga, bado. Njia ikibaki wazi, epua." Sosi yake ilikuwa nzito hivyo, ukiichora inabaki imechorwa. Akishaigawa kwenye mabakuli, alipitisha kidole gumba kuzunguka ukingo wa kila bakuli, akafuta tone lililomwagika, akakilamba. Hakuwahi kuliacha bakuli lina tone ukingoni, hata kama sisi tulishanyosha mikono. Na alikula kila kitu. Ukoko wa ugali ulikuwa wake, mbegu za pilipili zake, shingo ya kuku yake, na sisi tukibakisha alimalizia, akisema tumbo lake ni la mtu aliyelelewa vizuri.

Mabakuli yalichongwa na Anko Mutiso. Alikuwa mchongaji, kazi yake ikiwa kwenye karakana moja upande wa Gikomba ambako wanaume wa kwetu waliketi chini siku nzima wakitoa twiga na vifaru ndani ya magogo. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na bakuli lake la mti wa mhugu, dogo, la kutosha kwenye kiganja. La Shangazi lilikuwa na madoa ya kanga kuzunguka ukingo. La Nduku lilikuwa na masikio ya sungura. Langu alilileta wiki niliyofika, lina samaki, akaniambia, "Haya mama, sasa wewe si mgeni tena, utaanza kuosha vyombo." Lake mwenyewe halikuwa na pambo lolote. Alikuwa mtu wa mashoto. Shoka dogo la kuchongea alilishika kwa mkono wa kushoto, na kwa hiyo ajali yake ilimpata mkono wa kulia: kidole cha pete kilikatika nusu. Lakini kula alikula kwa mkono wa kulia, kwa sababu mama yake alimchapa hadi akazoea. Kila mlo aliumaliza vile vile. Alikomba bakuli kwa vidole vitatu, na chini ya bakuli ikabaki mistari miwili mirefu na mmoja mfupi unaoishia njiani. Nduku alipenda kuitazama. Aliiita sahihi ya buda, yaani ya babake.

Kitu kimoja tu Anko hakukila, nacho ni dania. "Inanuka kunguni," alisema, akasukuma bakuli mbali kwa nguvu hata siku ile jirani alipotuletea kachumbari kwa wema wake. Shangazi aliipenda sana. Alikuwa akiniambia jikoni, kwa sauti ya chini ya mtu anayesimulia mchumba wa zamani, kwamba kwa mama yake walikuwa wakiitwanga mbichi na pilipili na chumvi, na kwamba tangu aolewe hajaionja mezani kwake. "Ndoa ni mambo mengi, Mwende," alisema, kisha tukacheka mpaka Anko akauliza kutoka chumbani tunamcheka nani.

Katikati ya mwaka Anko alipanda lori lililobeba vinyago kwenda Mombasa. Lori likapinduka usiku na kushika moto, na waliokuwamo walikuwa wanaume kadhaa wa karakana ile ile. Mdogo wake, Anko Musyoka, aliyekuwa dereva wa gari jingine na kwa hiyo alizoea safari, ndiye aliyeenda kuutambua mwili. Aliporudi, mimi na Nduku tulikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia akivuta pumzi. "Mama Nduku, ni yeye. Sura haionekani, lakini kidole nimekiona. Kile kilichokatika." Shangazi akauliza, "Mkono gani?" "Aje?" "Kidole. Kilikuwa mkono gani?" Musyoka alifikiri, nikamsikia akifikiri. "Wa kushoto," akasema. Shangazi akasema, "Musyoka, pale karakana ni nani hajakatwa kidole cha mkono wa kushoto?" Na ni kweli. Mchongaji hushika mti kwa kushoto na shoka kwa kulia, na kidole kinachoenda ni cha kushoto. Ni mtu wa nje tu angeona kidole kilichokatika akadhani amemwona mtu mmoja. Musyoka akaanza kuyumba, mara labda ulikuwa wa kulia, mara mwili ulikuwa umegeuzwa, mara alikuwa na uchungu hakuangalia vizuri. Lakini watu wa nyumbani walikuwa wameshachimba kaburi. Tulienda tukazika. Shangazi alisimama nje ya ua akiwa amevaa gauni la kijani, hakutupa udongo, na wazee walinong'ona kwamba akili imemruka.

Jumapili iliyofuata alipika ukwaju. Alipanga viti vinne, akajaza mabakuli manne, akafuta kingo zote kwa kidole gumba, akalisogeza bakuli lisilo na pambo mahali pake. Tulikula kwa kutazama sahani zetu, kisha tukatoka mmoja mmoja kwenda kuosha vyombo bombani, ambako wanawake walinyamaza tulipofika, wakaanza kuongea kwa sauti kubwa mno kuhusu bei ya mafuta taa. Tulipoingia ndani jua la saa tisa lilikuwa limejaa mezani. Shangazi alikuwa mbele yangu. Alisimama, akashika kona ya meza. Kwenye ukwaju wa Anko, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kulikuwa na mistari miwili mirefu na mmoja mfupi unaoishia njiani. Shangazi alicheka. Alicheka kwa furaha kabisa, akaketi, akaziba mdomo kwa leso, akasema, "Anakula. Kwa hiyo yupo."

Nilimtazama Nduku. Alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, amemkodolea mama yake macho. Nikajiambia: ni huyu. Mtoto amekunja kidole chake cha pete, amepitisha mkono kwenye bakuli la babake ili mamake acheke. Nilimwonea huruma nikaona nimpende zaidi, nisimuumbue. Mawazo hayo yalinipa usingizi, na Jumapili baada ya Jumapili niliyashikilia. Maana haikukoma. Ukwaju ulipikwa, bakuli likajazwa, sisi tukatoka, na tukirudi sahihi ilikuwepo. Musyoka alikuja na wazee wawili kumtaka Shangazi avae nguo za mjane na arudi nyumbani na mtoto. Akawakaribisha chai, akawaambia, "Siku bakuli lake litabaki vile nilivyolijaza, nitavaa nyeusi, na nitakuja kwa miguu yangu kutupa udongo. Kabla ya hapo msiniite mjane." Mama mmoja wa kanisa akaja kuombea nyumba. Aliomba kwa sauti kubwa, akamaliza, akala ukwaju kwa viazi, akauliza unapikwaje.

Nyumba ikaanza kubadilika. Shangazi aliacha kwenda kazini, kule kiwandani walikokuwa wakipakia biskuti, kwa sababu mume anaweza kuja mtu asiwepo. Dirisha la uwanjani alilifunga, ndani kukawa na joto zito lenye harufu ya uchachu. Alipika sosi siku zote sasa, ya nyanya, ya karanga, ya embe, na kila moja ikaenda kwanza kwenye bakuli lisilo na pambo, lakini zile hazikuguswa. Ni ukwaju tu, na ni Jumapili tu. Yeye mwenyewe alikonda. Aliongea nusu nusu, akigeuza kichwa katikati ya sentensi kusikiliza. Mara nyingine nilipoingia nilisikia harufu ya mti uliochongwa muda huo huo, ile harufu ya vumbi tamu aliyokuja nayo Anko kwenye nguo, na hakukuwa na mti wowote. Nduku alianza kuchelewa kurudi kutoka shule. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za ukumbi wa mtaa na begi mapajani. "Twende nyumbani," nikamwambia. "Si tukae tu kidogo," akasema. "Tukae mpaka watu wengi waanze kurudi."

Jumapili moja niliamua nitakaa mezani. Nilijifanya ninaumwa kichwa, nikabaki wakati Shangazi anaenda bombani. Nduku alikuwa kitandani nyuma ya pazia, amelala. Nikalikazia bakuli macho. Sosi ilikuwa laini, inang'aa, na taswira ya dirisha ilikuwa imelala juu yake. Nje mtu alikuwa anapiga pasi akiimba wimbo wa kanisa. Halafu jirani akagonga mlango anataka chumvi. Nilimfungulia, nikamshika mkono nimcheleweshe asiondoke, maana ghafla sikutaka kubaki peke yangu, na tulisimama pale kizingitini kwa maneno matatu manne tu. Nilipogeuka, mistari ilikuwa pale. Miwili mirefu, mmoja mfupi. Nikatazama pazia, likawa linatikisika kidogo chini. Nduku, nikasema moyoni. Kasichana kana miguu myepesi. Nakumbuka nilivyojilazimisha kutabasamu.

Mambo yaliharibika siku ya mvua. Tulikula, tukawa tumekwama sote ndani kwa sababu bombani hakufikiki, Shangazi akaenda jikoni kuchemsha chai nami nikamfuata kwa ajili ya joto la jiko, Nduku akaja nyuma. Tuliporudi na vikombe, bakuli la Anko lilikuwa na sahihi yake. Na bakuli la Nduku, lile la masikio ya sungura, ambalo alikuwa ameliacha nusu, lilikuwa nayo pia. Mistari miwili mirefu na mmoja mfupi, midogo zaidi kwa kuwa bakuli lenyewe ni dogo. Shangazi aliweka chai mezani polepole. Akamvuta Nduku, akaushika mkono wake wa kulia, akavigeuza vidole vyake kimoja kimoja, juu na chini, akavinusa. Kisha akamkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalalamika. Kwa mara ya kwanza tangu lori lile, niliona Shangazi anaogopa.

Jumapili iliyofuata alitoka mwenyewe asubuhi, akafungua dirisha, akaenda kwa mama mboga, akarudi na fungu la dania. Nilikuwa nakamua ukwaju. Aliiosha ile dania, akaitandaza kwenye ubao, akaanza kuikata, majani na mashina pamoja, na jikoni kote kukanuka.

"Shangazi," nikamwambia, "Anko hali dania."

"Najua."

Aliendelea kukata. Kisu hakikupumzika, na machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye ubao, na hakukuwa na kitunguu pale.

"Mwanzoni nilifurahi, Mwende. Nikasema anakula, kwa hiyo yupo. Nilikuwa mjinga. Mtu aliye hai si angebisha hodi? Si angeomba maji ya kunawa? Mutiso hajawahi kugusa chakula bila kunawa, hata akiwa mgonjwa. Huyu anayekuja hapa, ni nani amemmwagia maji?" Akafuta pua kwa mkono wa gauni. "Mimi nilikuwa namwita. Kila Jumapili nampikia, namwita, na yeye anakuja kwa sababu mimi ndiye mkewe. Sasa ameanza kushika cha mtoto."

"Si umwambie tu aende?"

"Siwezi kumwambia. Mdomo wangu utakataa, nitamwambia akae." Alikusanya dania yote kwa viganja viwili, akaitupa ndani ya sufuria. "Hii itamwambia."

Alijaza mabakuli manne, akafuta kingo. Tulikula. Yeye alikula sana, akifumba macho, maana ilikuwa dania yake ya miaka yote aliyojinyima, na nadhani ilikuwa tamu, na nadhani alijichukia kwa kuiona tamu. Baadaye tukatoka sote bombani, na hakuharakisha. Aliosha sufuria ile moja mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Tulipoingia, jua lilikuwa mezani. Bakuli lisilo na pambo lilikuwa limejaa, uso wa sosi umetulia, vipande vya majani mabichi vimeelea palepale. Ila kiti cha Anko kilikuwa kimesogea nyuma, mbali na meza, namna mtu anavyokisukuma akiinuka kwa kuudhika. Shangazi alipiga magoti kwenye ile sakafu yake nyekundu akalia kilio ambacho Kaloleni nzima ilikisikia, na majirani wakaja mbio wakijua nini maana yake, wakamshika, wakafunika kioo, wakaanza kupika chai.

Alivaa nyeusi. Tulienda naye nyumbani, akasimama kaburini, akachota udongo akautupa, kisha akachimba kwa mkono wake akalifukia lile bakuli lisilo na pambo. Nilikuwa karibu naye, nikamsikia akisema, "Wewe uliyelala hapa, kama wewe si Mutiso, utanisamehe nimechelewa. Nimekulilia na wewe." Miezi michache baadaye nilipata nafasi ya chuo nikaondoka. Yeye alirudi kiwandani, akamsomesha Nduku, akazeeka mle mle. Kila nilipomtembelea alinipikia ukwaju wenye dania, na hatukuongea habari ile hata mara moja. Mimi niliamini nimeshaielewa. Mtoto alikuwa amemfanyia mamake wema, ukazidi, ukamtisha mama, na mtoto akajua ni wakati wa kuacha.

Siku tulipokutana kupanga mazishi ya Shangazi, wanawake walikuwa wanapika nje na wanaume wamejaza viti vya kukodi uwanjani. Mimi na Nduku tulikuwa mezani, ile meza, tukikata kachumbari ya watu. Yeye sasa ni mtu mzima mwenye miwani na watoto wa chuo. Alikuwa anakata dania. Nikaona ni haki nimshukuru kabla hatujazeeka zaidi.

"Nduku," nikasema, "ile mistari ya buda. Nilikuwa najua ni wewe. Sikuwahi kusema kwa sababu ulikuwa unamsaidia mathe."

Kisu chake kilisimama. Alinitazama juu ya miwani.

"Mimi?"

"Jumapili zote zile."

"Mwende, mimi nilijua ni wewe."

Tulicheka, kicheko kile cha watu wawili wanaosubiri mmoja wao akubali. Hakuna aliyekubali. "Wacha mchezo," nikamwambia. "Siku ile nilibaki nikidai kuumwa kichwa, wewe ulikuwa kitandani. Jirani alikuja kuomba chumvi."

"Nakumbuka. Sikuwa nimelala." Aliongea polepole sasa. "Nilijifunika shuka. Nilikusikia ukivuta kiti, ukakaa, ukakomba bakuli. Nilisikia kabisa vidole kwenye mti. Ndiyo nikajua ni wewe, nikasema Mwende ni mtu mzuri."

"Mimi nilikuwa mlangoni," nikamwambia. "Sikuvuta kiti."

Mtu akaita kutoka nje anataka chumvi. Nduku aliruka kidogo, nami nikaruka kwa kuwa yeye ameruka. Hatukuendelea. Alimaliza kukata dania, yote, akaitia kwenye kachumbari, na jioni watu walipoondoka akafungua kabati akanipa bakuli la Shangazi, lile la madoa ya kanga. "Chukua," akasema. "Mimi siwezi kukaa nalo." Nilidhani ni huzuni.

Tulimzika, nikarudi Fedha. Jumapili ya juzi mume wangu alikuwa kwenye mkutano wa kanisa, nikawa peke yangu, na nilimkosa Shangazi kwa namna ambayo sikuitarajia kwa umri wangu. Nikapika ukwaju. Nilipitisha kijiko, njia ikabaki wazi, nikaepua. Niliweka dania nyingi, kama kawaida yangu, kwa sababu dania kwangu ni mlango uliofungwa. Nikaimimina kwenye bakuli la madoa ya kanga, nikalijaza kupita kiasi, sosi ikamwagika ukingoni ikaanza kuteremka ubavuni. Kabla sijaifuta simu ikalia chumbani. Ni Nduku, anataka kujua nimefikaje na ninakula nini. Tuliongea kidogo tu. Niliporudi, dania ilikuwa palepale, sosi haina mstari wowote, na ukingo wa bakuli ulikuwa safi. Umefutwa kuzunguka kote, na pale lilipokuwa tone pamebaki unyevu.

Sikupiga kelele. Niliketi, nikasema, "Karibu, Shangazi," kabla sijajizuia, na nilifurahi. Nilifurahi sana, kama yeye siku ile ya kwanza. Jana mwanangu wa kwanza ameleta mjukuu, ana miaka miwili, ameona bakuli la kanga anataka ndilo atiliwe chakula chake. Nimelificha juu ya kabati. Na usiku na mchana naupitia mwaka ule, nyanya za kuchoma, karanga, embe bichi, muthokoi wa Jumamosi, ukoko, mbegu za pilipili, shingo ya kuku, natafuta kitu kimoja ambacho Shangazi alisukuma mbali akasema hiki sili. Nimeandika vyote nilivyomwona akila. Sijakumbuka alichokataa.